Kimya cha Kengele Angani Si Ushahidi wa Usalama

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Darasani methali hii aghalabu hufafanuliwa kwa mfano wa mtu mpole anayevumilia maudhi hadi siku anapolipuka na kuwashangaza wote. Leo ningependa kuifafanua kwa mfano mwingine ambao huenda haumo vitabuni mwa shule, nao ni mfano wa kengele inayowekwa ndani ya ndege ili imwonye rubani kwamba ndege nyingine inamjia. Tarehe 29 Septemba 2006, juu ya msitu wa jimbo la Mato Grosso nchini Brazil, kengele hiyo ilikaa kimya ndani ya ndege mbili zilizokuwa zikielekeana. Mshindo uliofuata uliwaua watu 154.

Hebu tuikumbuke siku hiyo. Jeti ndogo aina ya Legacy 600, mpya kabisa kutoka kiwandani, ilikuwa imeondoka São José dos Campos ikielekea Manaus, ili hatimaye ipelekwe Marekani kwa wenyewe walioinunua. Ilikuwa na marubani wawili na abiria watano. Kutoka upande wa pili, ndege ya abiria ya shirika la Gol, aina ya Boeing 737-800, ilikuwa imeondoka Manaus ikielekea Brasília, ikiwa na watu 154. Zilikuwa katika njia moja ya angani na katika kimo kimoja cha futi 37,000. Ncha ya bawa la ile jeti ndogo ililikata bawa la kushoto la Boeing kama panga likatavyo mgomba. Ndege kubwa ikavunjika na kuanguka msituni, asinusurike hata mtu mmoja. Jeti ndogo, bawa lake likiwa limenyofoka ncha, ilijikongoja hadi kiwanja cha jeshi cha Cachimbo, na watu wake wote saba wakashuka wakiwa hai.

Jeti za namna hii ni zile zinazowachukua wakurugenzi wa makampuni, mawaziri, watalii wenye nafasi, na wakati mwingine wagonjwa mahututi. Watu wengi hudhani kwamba shughuli za jeti hizo ni jambo la faragha baina ya tajiri na rubani wake. Mimi nasema sivyo. Anga halina ua wala lango. Bwanyenye aliye katika jeti yake anatumia njia ileile inayotumiwa na mwalimu anayesafiri kwenda mkutanoni na mwanafunzi anayekwenda masomoni ng'ambo. Kwa hivyo kila kanuni inayohusu kengele ya kuonya migongano ndani ya jeti ndogo ni kanuni inayohusu uhai wetu sote, na kila mwanya unaoachwa katika kanuni hizo ni mwanya ulioachwa katika usalama wa umma.

Swali ambalo mtu yeyote hujiuliza baada ya kusikia habari za Brazil ni hili: kengele zilikuwa wapi? Ili tulijibu swali hilo, yafaa kwanza tujue kifaa chenyewe hufanya kazi namna gani.

Marubani hukiita TCAS, na kazi yake ni kuuliza na kujibiwa. Takriban kila ndege ya kisasa hubeba chombo kiitwacho transponda, ambacho kikiulizwa kwa mawimbi ya redio hujibu kwa kujitambulisha na kutaja kimo chake. TCAS huziuliza transponda za ndege zilizo karibu mara kwa mara, na kutokana na majibu hayo hupiga hesabu: ndege ile iko umbali gani, iko katika kimo gani, na zikiendelea hivyo zitakutana baada ya sekunde ngapi. Hatari ikikaribia, zikiwa zimebaki sekunde kati ya 20 na 48, sauti humwambia rubani kwamba kuna ndege jirani, aitafute. Hatari ikizidi, zikiwa zimebaki sekunde kati ya 15 na 35, tahadhari hugeuka kuwa amri ya kupanda au kushuka. Iwapo ndege zote mbili zina kifaa hicho, vifaa viwili hushauriana vyenyewe kwa redio, ili rubani mmoja akiambiwa apande, mwenzake aambiwe ashuke.

Wanafunzi wa hisabati na fizikia wachukue kalamu, wapate kuona kwa nini jicho la binadamu halitoshi. Jeti mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda kilomita 830 kwa saa, hukaribiana kwa kasi ya kilomita 1,660 kwa saa, yaani takriban mita 460 katika kila sekunde. Ndege iliyo umbali wa kilomita 5 huonekana kama nukta tu kwenye kioo cha mbele, ilhali kilomita hizo 5 zitakwisha katika muda wa sekunde 11 hivi. Wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani hukadiria kwamba rubani huhitaji sekunde 12.5 tangu aione ndege nyingine hadi ndege yake ianze kubadili mwelekeo. Mwanafunzi atakayetoa 11 kutoka 12.5 atakuwa ameelewa chanzo cha kifaa hiki kuliko atakavyoelewa kwa kusoma kurasa nyingi.

Wala kifaa hicho hakikupatikana kwa ukarimu wa wenye viwanda. Kilinunuliwa kwa maisha ya watu. Mwaka 1956 ndege mbili za abiria ziligongana juu ya bonde la Grand Canyon nchini Marekani, zikaua watu 128. Mwaka 1978 wakafa watu 144 mjini San Diego, ndege ya abiria ilipogongana na ndege ndogo ya mafunzo. Mwaka 1986, huko Cerritos karibu na Los Angeles, ndege ya abiria na ndege ndogo ya binafsi ziligongana, wakafa watu 82, wakiwamo 15 waliokuwa chini majumbani mwao. Ndipo mwaka uliofuata bunge la Marekani lilipotunga sheria ya kuyalazimisha mashirika ya ndege kubwa kukitumia kifaa hiki. Nchi nyingine zilingoja misiba yao wenyewe. Mwezi wa Novemba 1996 ndege ya Saudia na ya Kazakhstan ziligongana karibu na Charkhi Dadri nchini India, watu 349 wakaangamia. Hakujatokea mgongano wa angani uliowaua watu wengi zaidi ya huo.

Sasa turudi Brazil. Udhaifu wa mpango mzima umo katika lile neno kujibiwa. Transponda isipojibu, TCAS ya ndege ya pili haioni kitu. Na TCAS ya ndege ambayo transponda yake imezimika nayo huacha kufanya kazi. Transponda ya Legacy ilinyamaza kwa muda wa karibu saa nzima kabla ya mgongano. Wachunguzi waliona kwamba yamkini ilizimwa bila kukusudia. Marubani wenyewe walikana kwamba waliizima. Waongozaji wa ndege waliokuwa kwenye rada nao hawakuwa bila lawama. Kwa mujibu wa mpango wa safari jeti ile ilipaswa kushuka hadi futi 36,000 ilipofika Brasília, lakini haikuagizwa kushuka, na mtambo wao ukawa unaonyesha kimo kilichopangwa ilhali ndege yenyewe imo katika kimo kingine. Ishara ya transponda ilipopotea, hakuna aliyechukua hatua ya kutosha, na majaribio ya baadaye ya kuwasiliana kwa redio hayakufua dafu.

Hata hivyo, jambo linalonikera mimi zaidi ni dogo kuliko hayo yote. Kinga ya ndege ile ilipopotea, marubani walitangaziwa habari hiyo kwa maandishi madogo tu yaliyotulia kwenye kioo, bila mlio wala taa ya kushtua. Kengele iliyoundwa ipige kelele ndege nyingine ikikaribia haikuundwa ipige kelele yenyewe inapokufa. Basi marubani wakaendelea na safari wakiamini kwamba kimya kile ni cha amani. Mwaka 2007 Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipendekeza kwamba rubani aonywe kwa namna inayosikika na kuonekana wazi pindi kinga hii inapopotea. Naafiki pendekezo hilo kikamilifu. Mlinzi wa usiku anayelala lindoni ni hatari kuliko nyumba isiyo na mlinzi, kwa kuwa mwenye nyumba isiyo na mlinzi angalau hufunga milango.

Kimya cha pili ni kile cha kifaa kinachodanganywa, na mfano wake uko katika bara letu la Afrika. Tarehe 5 Septemba 2015 jeti ndogo aina ya HS-125, iliyotumiwa kama ambulensi ya angani, ilikuwa ikitoka Ouagadougou kwenda Dakar ikiwa na watu saba, mmoja wao mgonjwa. Ilipaswa kuwa katika kimo cha futi 34,000. Ndege ya abiria ya shirika la Ceiba Intercontinental, Boeing 737-800 iliyokuwa imetoka Dakar, ilikuwa katika futi 35,000. Zilipopishana katika anga la Senegal, ziligusana. Ndege kubwa, ncha ya bawa lake ikiwa imekatika, iliendelea na safari hadi Malabo na kutua salama. Ile ambulensi iliendelea kuruka bila yeyote kuitikia redio, ikaipita Dakar, ikatumbukia katika bahari ya Atlantiki. Wote saba walipotea.

Futi 1,000 ni mita 300 hivi. Tangu Septemba 2008, huo ndio mwachano wa chini unaokubaliwa Afrika kati ya ndege moja na nyingine juu ya futi 29,000. Kabla ya hapo ulikuwa futi 2,000. Kupunguzwa huko kuliongeza nafasi angani na kupunguza matumizi ya mafuta, lakini kulidai sharti moja zito, kwamba vipimo vya kimo viseme kweli. Uchunguzi wa ajali ya Senegal ulielekeza kidole kwenye mfumo wa kupimia kimo wa ile jeti ndogo, ambao ulikuwa umeonyesha kasoro hapo kabla. Na hapa msomaji akumbuke namna TCAS inavyofanya kazi. Haikipimi kimo cha jirani. Hukisikia tu kutoka kwa transponda ya jirani. Transponda ikitangaza futi 34,000 huku ndege imo katika futi 35,000, kifaa kitahesabu kwamba kuna nafasi ya kutosha. Mizani mbovu humnyima mnunuzi nyama kidogo. Kipimo kibovu cha kimo huwanyima watu uhai wao.

Upo pia mkasa ambamo kengele ililia, ikasema kweli, na bado watu wakafa. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya mji wa Überlingen kusini mwa Ujerumani, ndege ya Kirusi aina ya Tupolev 154 iligongana na ndege ya mizigo aina ya Boeing 757. Walikufa watu 71, na 52 kati yao walikuwa watoto, wengi wao wanafunzi wa mji wa Ufa waliokuwa wakienda likizoni Uhispania. Mwongozaji mmoja tu alikuwa kazini mjini Zürich, akihudumia vituo viwili peke yake, na simu kuu zilikuwa zikifanyiwa matengenezo. Alipoitambua hatari kwa kuchelewa, aliwaambia marubani wa Tupolev washuke. TCAS ikawaambia wapande. Wakamtii mwongozaji. Marubani wa Boeing waliambiwa na TCAS yao washuke, wakatii. Ndege zote mbili zikashuka pamoja hadi zilipokutana. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na usiku ule manahodha walikuwa wawili, mtu na mtambo, kila mmoja akiwa hajui mwenziwe amesema nini.

Kinachotia uchungu ni kwamba dunia ilikuwa imeonywa. Tarehe 31 Januari 2001 ndege mbili za Japan Airlines zilikoswakoswa kugongana katika anga la Japani kwa sababu hiyohiyo hasa. Mwongozaji alichanganya nambari za safari akaamuru ndege isiyokusudiwa ishuke. TCAS ikaamuru ipande, rubani akaendelea kushuka, na ile ya pili nayo ikashuka kwa amri ya TCAS. Watu wapatao 100 waliumia kutokana na ujanja wa ghafla uliofanywa dakika ya mwisho. Ufa ulionekana, lakini haukuzibwa. Ilibidi watoto wa Ufa wafe ndipo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lieleze bila kigugumizi kwamba amri ya TCAS ikitolewa, rubani aifuate hata kama mwongozaji amesema vingine. Programu ya kifaa nayo ikaboreshwa, ili kiweze kugeuza amri yake iwapo mmoja wa marubani hatii. Toleo hilo jipya likawa la lazima barani Ulaya kwa ndege zote zinazohusika ilipofika Desemba 2015.

Nimeyasimulia haya kwa kirefu ili nifike kwenye hoja yangu. Kanuni za ICAO kwa ndege zinazobeba watu kwa malipo zilianza mwaka 2003 na zile zenye uzito wa kupaa unaozidi kilo 15,000 au zenye kuruhusiwa abiria zaidi ya 30. Mwaka 2005 zikashuka hadi zile zinazozidi kilo 5,700 au abiria 19. Jeti nyingi za wafanyabiashara zinaingia katika fungu hilo. Lakini tangu wakati huo viwanda vimeunda jeti nyepesi zisizofikia kilo 5,000, ambazo hazilazimiki kubeba TCAS kwa kigezo hicho, na baadhi yake zimeruhusiwa kuendeshwa na rubani mmoja. Jeti hizo hupanda mpaka katika vimo vya ndege kubwa, na hukimbia kwa kasi inayokaribia ya ndege kubwa. Aidha ndege za binafsi zisizobeba watu kwa malipo hazibanwi kwa kiwango kilekile katika kila nchi. Sheria ilipima hatari kwa uzito wa ndege na idadi ya viti vyake. Brazil ilitufunza kwamba hesabu hiyo ina kasoro. Jeti yenye watu saba iliwaua watu 154 wa ndege nyingine, na wenyewe wakarudi nyumbani.

Najua wapo watakaosema kwamba kifaa hiki ni ghali, na kwamba mwenye jeti ndogo asitwikwe mzigo wa shirika kubwa. Hoja hiyo isingekuwa mbaya kama ingetolewa na mwenye baiskeli. Mtu aliyeweza kununua jeti, kuijaza mafuta na kumlipa rubani hawezi kulalamika kwamba hana fedha za kuwaepusha wengine na kifo. Anayeingia katika vimo vya ndege za umma sharti aingie na kinga za umma, awe na viti vinne au mia nne.

Wapo wengine watakaosema kwamba kengele hizi hulia ovyo, na kwamba rubani anayesikia makelele ya bure kila mara hatimaye huyapuuza. Hawa wana hoja ya haki, na jeti za wafanyabiashara zinahusika nayo kuliko ndege nyinginezo. Kwa kuwa ni nyepesi na zina injini zenye nguvu, hupanda kwa kasi ya futi elfu kadhaa kwa dakika. Jeti kama hiyo ikikaribia kimo ilichopangiwa, futi 1,000 chini ya ndege nyingine, TCAS haijui kwamba rubani anakusudia kusimama hapo. Huona tu chombo kinachofyatuka kuelekea juu, nayo hutoa amri. Lakini dawa yake inajulikana. ICAO imependekeza kwamba katika futi 1,000 za mwisho kabla ya kufika kimo alichopangiwa, rubani apunguze kasi ya kupanda au kushuka hadi chini ya futi 1,500 kwa dakika. Gharama yake ni sekunde chache tu. Rubani asiyefanya hivyo, kisha akalalamika kwamba kengele inamsumbua, ni sawa na dereva anayeendesha kwa fujo sokoni kisha akawashutumu waendao kwa miguu kwa kupiga mayowe.

Mambo haya si ya Wabrazili na Wajerumani peke yao. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8, iliyokuwa imepaa kutoka Uwanja wa Wilson mjini Nairobi ikielekea Diani na watu 44, iligongana angani na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172. Dash 8 ilirudi na kutua salama. Cessna ilianguka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na watu wawili waliokuwamo, mwalimu na mwanafunzi wake, wakafariki. Hizi hazikuwa jeti za wafanyabiashara, wala sitaki kuipachika ajali hiyo sababu za ajali nyingine. Naitaja kwa kuwa inatuonyesha jinsi anga letu lilivyo na watumiaji wa kila aina: watalii waendao mbugani, wagonjwa waletwao na ndege za madaktari, wanafunzi wa urubani, na jeti za matajiri, wote katika eneo dogo juu ya mji mmoja.

Kutokana na hayo nayaona mambo manne ya kutendwa, na ningependa wakuu wa usafiri wa anga katika kanda yetu wayapime. La kwanza, kila jeti, iwe nyepesi au nzito, ya binafsi au ya kukodishwa, ibebe TCAS kamili kabla ya kuruhusiwa kupanda hadi vimo vya ndege kubwa. La pili, kinga hiyo inapozimika safarini, ipige mlio ambao rubani hawezi kuunyamazisha bila kukiri kwamba ameusikia, na mwongozaji anayepoteza ishara ya transponda aichukulie ndege hiyo kuwa hatarini hadi ithibitike vinginevyo. La tatu, kasoro yoyote ya kipimo cha kimo iizuie ndege kuruka katika vimo vyenye mwachano wa futi 1,000 hadi itengenezwe, hata kama ndege hiyo inamngoja mgonjwa. Kwani kumpeleka mgonjwa ndani ya chombo kibovu si huruma. La nne, marubani na waongozaji wafunzwe pamoja, si kila kundi pembeni kwake, mpaka kila mmoja ajue kwamba mtambo ukisema panda, mjadala umekwisha. Tunacho Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki hapo Embakasi, na vipo vyuo vya urubani. Mazoezi ya pamoja hayahitaji msaada wa kigeni.

Kwenu walimu, nawaombeni msiyaache masuala haya yawe ya mabingwa pekee. Somo la kasi na muda lina uhai zaidi likifundishwa kwa ndege mbili zinazoelekeana kuliko kwa magari mawili ya kubuni yanayotoka miji miwili ya kubuni. Somo la mawimbi ya redio litaeleweka zaidi mwanafunzi akijua kwamba kuna swali na jibu vinavyoruka baina ya ndege juu ya paa la darasa lake wakati huohuo. Na katika somo la uraia, waulizeni wanafunzi swali hili: mwenye mali akiachiwa huru atumie mali yake apendavyo mahali panapotumiwa na wote, nani hulipa gharama ya makosa yake?

Kwenu wanafunzi, wapo miongoni mwenu watakaokuwa marubani, mafundi, waongozaji wa ndege na watunga sheria. Mkiketi mbele ya mtambo wowote wa kuonya, uwe wa ndege, wa hospitali au wa kiwanda, na mtambo huo ukawa kimya, msishukuru upesi. Ulizeni kwanza kama umewashwa, kisha ulizeni kama unasema kweli. Na siku utakapolia, utiini. Watoto wa Ufa walikuwa wanafunzi kama ninyi, wakienda likizoni, na ndani ya ndege yao ilikuwapo sauti iliyosema wapande.